Pipa liliposhuka bei, wageni walifungashiwa virago

Katikati ya mwaka 1975 bahari iliyo mbele ya Lagos ilijaa meli zilizokwama. Zilikuwa mamia, nyingi zimebeba saruji, na kungoja zamu ya kushusha shehena kulichukua miezi. Serikali ya Nigeria ilikuwa imeagiza takriban tani milioni 20 za saruji, sehemu kubwa kwa jina la Wizara ya Ulinzi, ilhali bandari yenyewe iliweza kupokea kama tani milioni moja tu kwa mwaka. Kila meli iliyotia nanga ilidai fidia ya kucheleweshwa, siku baada ya siku, hata wenye meli chakavu wakaona kukaa foleni kunalipa kuliko kusafiri. Saruji nyingine iligandia humo humo melini.

Hizo zilikuwa pesa za mafuta. Kampuni ya Shell-BP iliyapata Oloibiri, kwenye delta ya Mto Niger, mwaka 1956, na miaka miwili baadaye yakaanza kuuzwa nje. Utajiri wenyewe ulikuja baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, pipa lilipopanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 kwa miezi michache. Serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ikajikuta na fedha nyingi kuliko mipango. Tume ya Jerome Udoji ikapendekeza watumishi wa umma waongezwe mishahara. Wakaongezwa, tena na malimbikizo juu, na wenye maduka nao hawakuchelewa kupandisha bei. Gowon alipinduliwa Julai 1975 akiwa Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huru za Afrika, lakini matumizi hayakupinduliwa. Waliomfuata waliamua kujenga mji mkuu mpya Abuja, wakaandaa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, mwaka 1977, na wakaanza safari ndefu ya kujenga kiwanda cha chuma Ajaokuta.

Shambani mambo yalikwenda kinyume. Kano ilikuwa maarufu kwa magunia ya karanga yaliyopangwa kama piramidi yakisubiri treni ya kwenda pwani. Ukame na magonjwa ya mmea viliyapunguza, na hakukuwa na haraka ya kuyarudisha: mchele wa kigeni ulikuwa rahisi, naira ilikuwa na nguvu, vijana walikuwa wanakimbilia Lagos. Kufikia 1980 mafuta yalileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nchi kutokana na mauzo ya nje. Mapinduzi ya Iran yalikuwa yamepandisha bei tena, na mwaka huo Nigeria ilipata zaidi ya dola bilioni 20.

Kisha soko likageuka. Nchi tajiri ziliingia kwenye mdororo, zikajifunza kubana matumizi ya nishati, na Uingereza na Norway zikawa zinachota mafuta yao wenyewe Bahari ya Kaskazini. Hapo Nigeria ilipigwa mara mbili. Mafuta yake ni mepesi na safi, sawa na yale ya Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo mteja wa Ulaya aliweza kuhama bila kubadili kitu kwenye kiwanda chake. Bei ilishuka na mapipa yakapungua. Februari 1983 Waingereza walipopunguza bei, Nigeria ikakata dola 5.50 kwa mkupuo hadi 30. Mwezi uliofuata OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ikikutana London, ikashusha bei yake rasmi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kutoka dola 34 hadi 29. Mapato ya Nigeria yakawa karibu nusu ya yale ya 1980.

Bajeti haikuweza kushuka kwa kasi hiyo. Mshahara ukishapandishwa haushuki kwa sababu soko la mafuta la Rotterdam limeamka vibaya. Kandarasi zilikuwa zimesainiwa, mikopo ya nje ilikuwa na riba inayopanda, na majimbo 19 yote yaliishi kwa mgawo kutoka serikali kuu. Mgawo ulipopungua, walimu wa majimbo kadhaa walikaa miezi bila mshahara. Aprili 1982 Rais Shehu Shagari alipitisha sheria ya kubana uagizaji, na papo hapo leseni ya kuingiza mchele ikawa mali kuliko mchele wenyewe.

Na palihitajika mtu wa kulaumiwa. Tarehe 17 Januari 1983 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Baba, alitangaza kwamba wageni wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili. Walikuwa waashi, madereva, watumishi wa nyumbani, walimu, wengi wao Waghana waliokuja neema ilipokuwa juu. Walirundikana kwenye malori na bandarini na mabegi yale makubwa ya plastiki ya mirabamiraba, ambayo Tanzania huitwa shangazi kaja na Wanigeria huyaita Ghana Must Go hadi leo. Njia ya kurudi ilipita Benin na Togo, lakini Jerry Rawlings alikuwa amefunga mpaka wa Ghana tangu mwaka uliotangulia, na Togo, ikiogopa kuachiwa umati, ikafunga wake. Maelfu wakanasa Benin, bila chakula, hadi Ghana ilipofungua mpaka mwishoni mwa mwezi. Idadi ya waliofukuzwa inakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Ghana nayo haikuwa na mikono safi: mwaka 1969 serikali ya Kofi Busia iliwatimua Wanigeria kwa namna ileile.

Kuondoka kwao hakukuongeza hata pipa moja. Siku ya mwisho ya 1983 jeshi lilimpindua Shagari, na Meja Jenerali Muhammadu Buhari akashika nchi. Maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini, noti zilibadilishwa mipaka ikiwa imefungwa, na Umaru Dikko, aliyesimamia uagizaji wa mchele enzi za Shagari, alikutwa Julai 1984, akiwa ametekwa nyara, katika uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza, amelazwa kwa dawa ndani ya kasha lililokuwa tayari kupakiwa. Jambo moja Buhari alilikataa katakata: kushusha thamani ya naira ili apate mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Badala yake Nigeria ilibadilishana mafuta kwa bidhaa, Brazil ikiwa mshirika mmojawapo.

Mwaka 1986 ukamaliza ubishi. Saudi Arabia, iliyochoka kupunguza uzalishaji wake ili wengine wauze, ilifungulia bomba, na pipa likaporomoka kutoka karibu dola 30 hadi kama 10. Ibrahim Babangida, aliyemng'oa Buhari Agosti 1985, aliwaachia wananchi wajadili mkopo ule. Wakaukataa, naye akayatekeleza mwenyewe masharti ya mkopo huo. Naira, ambayo mwanzoni mwa muongo ilinunua zaidi ya dola moja, iliwekwa mnadani Septemba 1986, na dola moja ikataka naira zaidi ya 4. Madaktari na wahadhiri wakaanza kufunga safari, wengine kwenda Saudi Arabia.

Baadaye serikali ilijifunza kuweka akiba. Mfuko wa ziada ya mafuta ulioanzishwa 2004 ulifikia takriban dola bilioni 20 mwishoni mwa 2008. Magavana walidai mgao wao hata miaka ambayo bei ilikuwa juu ya dola 100, na kufikia 2015 zilikuwa zimebaki kama bilioni 2. Mwaka huo Buhari alirudi Ikulu, safari hii kwa kura, akakuta pipa limeanguka tena na majimbo mengi hayajalipa mishahara. Akakataa tena kuishusha naira. Alishikilia zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 20 Juni 2016 Benki Kuu ilipoiachia, dola ilipanda kutoka naira 197 hadi zaidi ya 280 siku hiyohiyo.