Jinsi ya kuwalinda mbwa na paka fataki zinapolipuka

KILA Desemba 31 inapotimia saa sita usiku, anga ya Nairobi huwaka kwa fataki za kuukaribisha mwaka mpya. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, milipuko hiyo hupokelewa kwa vifijo na vigelegele. Lakini kwa mbwa aliyefungwa mnyororo nje ya kibanda, au paka anayewinda panya vichochoroni, hiyo ni saa ya hofu kuu.

Sababu iko masikioni. Binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufikia takriban 45,000, na paka 64,000. Isitoshe, kuta za mabati hazizuii kelele.

Wanyama wa mitaa hii wana kero nyingine pia. Ghasia zilizofuata chaguzi za 2007 na 2017 zilileta milio ya risasi na ya vitoa machozi hadi milangoni mwa watu. Mnyama hawezi kutofautisha mlipuko wa sherehe na wa fujo, hivyo maandalizi ni yale yale.

Hatari haimkabili mnyama peke yake. Mbwa aliyetishika hukata kamba na kutimua mbio bila kujua aendako. Anaweza kugongwa na gari katika Barabara ya Naivasha inayopitia Kawangware, au na gari moshi kwenye reli inayokata Kibera. Anaweza pia kumuuma mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona. Mnamo 2014, Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuangamiza maradhi hayo kufikia 2030. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kumchanja mbwa mapema, kisha kila mwaka.

Siku yenyewe, mtembeze mbwa na umlishe kabla ya giza kuingia. Usimwache kwenye mnyororo, kwani akiruka kwa woga anaweza kujinyonga. Mwingize ndani, hata kama nyumba ni ya chumba kimoja. Mtengee nafasi chini ya kitanda au nyuma ya pazia, utandike gunia au blanketi kuukuu, na umwekee maji. Funga mlango na dirisha, kisha uwashe redio kwa sauti ya wastani. Paka naye atatosheka na katoni iliyolazwa ubavu pembeni.

Akitetemeka au kubweka, usimpige. Akikujia, mpapase na uzungumze naye kwa upole, akijificha, mwache. Usimpe pombe wala dawa za binadamu: parasetamoli inaweza kumuua paka. Anayeteseka mno apelekwe kwa daktari wa mifugo siku kadhaa kabla ya sherehe. Watoto nao waonywe wasimvute mnyama mafichoni wala kumrushia baruti.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa ili apewe chanjo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.