Ukusanyaji wa kumbukumbu za safari za anga za Kisovyeti

Ukusanyaji huu ni shughuli ya kutafuta, kununua na kuhifadhi vitu vya safari za wanaanga wa Umoja wa Kisovyeti, tangu Vostok 1 ya Yuri Gagarin (12 Aprili 1961) hadi kituo cha Mir: mavazi ya anga, vifaa vya chomboni, hati, beji, stempu.

Soko lilifunguka hasa baada ya dola hiyo kuvunjika mwaka 1991. Katika mnada wa Sotheby's mjini New York, Desemba 1993, tajiri Mmarekani Ross Perot alijipatia Ivan Ivanovich, sanamu iliyorushwa angani Machi 1961 kabla hajathubutu kwenda mtu. Chini ya kioo cha kofia yake liliwekwa neno la Kirusi lenye maana ya "mfano", wanakijiji wasije wakadhani wameokota maiti. Sanamu hiyo iliazimwa baadaye kwa makumbusho ya Smithsonian.

Bei hupanda pale kitu kinapothibitika kuwa kilifika angani. Beji za ukumbusho zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo ni rahisi. Tarehe 12 Aprili 2011, Vostok 3KA-2, chombo cha majaribio kilichombeba Ivan na mbwa Zvezdochka, kiliuzwa kwa dola 2,882,500. Mnunuzi alikuwa Mrusi.