Maradhi ya misuli: Chanzo ni jeni, wala si laana

Mtoto wa kiume wa miaka mitatu au minne aangukapo mara kwa mara, akashindwa kupanda ngazi na kuinuka ila kwa kujikweza kwa mikono juu ya mapaja, yamkini anaugua Duchenne, aina kali ya maradhi ya kudhoofika kwa misuli.

Iwe ni Njoro, Molo au Subukia, mzazi asiyeujua ugonjwa huu huweza kudhani ni polio, uvivu au laana. Aghalabu lawama humwangukia mama.

Ukweli umo katika jeni. Mnamo 1987 wanasayansi nchini Marekani walitambua distrofini, protini inayoikinga misuli isichanike inapojikunja. Jeni yake imo katika kromosomu X. Mwanamke ana kromosomu X mbili, hivyo nzima huifidia yenye kasoro. Mwanamume anayo moja tu.

Kwa hivyo, mama aliyebeba kasoro hiyo anaweza kuwa mzima, ilhali kila mwanawe wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na kila binti uwezekano uo huo wa kuibeba. Hata hivyo, katika takriban thuluthi moja ya wagonjwa kasoro huzuka upya, bila mama kuibeba.

Si maradhi yote hurithiwa hivyo. Ule unaoua neva za uti wa mgongo, SMA, huhitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi hao huwa wazima, lakini kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Hatari huzidi ndugu wa damu wanapooana.

Duchenne hudhihirika kwanza kwa kipimo cha damu cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase, ambacho hupanda mno, kisha huthibitishwa kwa kipimo cha jeni. Mkazi wa Nakuru anaweza kuanzia hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, ambayo zamani ilijulikana kama PGH.

Tiba kamili haijapatikana. Bila matibabu, wengi huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13. Lakini dawa za steroidi huchelewesha siku hiyo, nayo mazoezi ya viungo na uchunguzi wa moyo humfaa mgonjwa.

Ugonjwa ukithibitishwa, dada za mgonjwa na mama zake wadogo na wakubwa nao wapate ushauri wa daktari kabla ya kushika mimba.