Rangi ya Kuficha Mvi Ilitoka Wapi?

  Leo tunazungumza juu ya mvi, na juu ya ile rangi nyeusi ambayo wengi wetu huinunua sokoni ili kuzificha. Tutaanza na historia yake. Ukijua rangi hiyo ilitoka wapi, utaelewa kwa nini haifai kuachwa ndani ya kikombe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Kupamba nywele si jambo geni hapa kwetu. Wanaume wa Kiturkana walikuwa wakizifinyanga nywele zao kwa udongo, wakaupaka rangi na kuchomeka manyoya ya mbuni. Akina mama walijipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Kule Pwani, na kwa majirani zetu Wasomali, pambo lao lilikuwa hina. Hata leo, katika soko la Kakuma, unaweza kumwona mzee wa Kisomali mwenye ndevu nyekundu. Hizo ni mvi zilizopakwa hina.

Hina ni majani ya mti, hukaushwa na kusagwa. Sasa mama, nisikilize vizuri: hina peke yake hutoa rangi nyekundu au ya machungwa. Haitoi nyeusi. Zamani, watu wa Uajemi na India waliotaka weusi walipaka hina kwanza, kisha wakapaka majani ya mnili juu yake, na kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Kwa hiyo ukiuziwa kitu kinachoitwa hina nyeusi, nacho kinaingia rangi upesi, jua kwamba kuna kitu kingine kimetiwa ndani.

Kitu hicho kilitoka kwa wanakemia wa Ulaya. Katika karne ya 19 walikuwa wakichunguza lami ya makaa ya mawe na kutoa humo rangi za kila aina. Mwaka 1863 Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alieleza kemikali moja ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Ikikutana na hewa, au na dawa inayochanganywa nayo, hugeuka kuwa nyeusi na kung'ang'ania unywele. Kabla karne hiyo haijaisha, ilikuwa ikitumika kutia rangi manyoya ya wanyama na vichwa vya watu. Lakini watu walianza kuwashwa na kuvimba. Mwaka 1906 Ujerumani ilipiga marufuku kuitia katika rangi za nywele. Biashara haikufa, kwa sababu hakuna kilichopatikana chenye kutoa weusi kama ule kwa bei nafuu.

Mwaka 1933, kule Marekani, wanawake walipakwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali hii hii. Mmoja alipofuka. Mwingine alifariki. Sheria mpya ikaja mwaka 1938, lakini wauzaji wa rangi za nywele walipata nafasi yao: waliruhusiwa kuendelea, mradi pakiti iwe na onyo, na imweleze mnunuzi ajipime kwanza. Mimi naona sheria ile ilimwachia mnunuzi mzigo mkubwa. Je, asiyejua kusoma afanye nini?

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Nchini Sudan akina mama walizoea kuchanganya PPD na hina ili weusi uje haraka. Huuzwa kama jiwe au unga. Mwaka 1992, mwaka uleule kambi ya Kakuma ilipofunguliwa, madaktari wa Khartoum walitoa taarifa ya watoto 31 waliolazwa kwa sumu hiyo. Wengine waliinywa kwa bahati mbaya. Uso na shingo vilivimba, na njia ya pumzi ikaziba. Watoto 15 ilibidi watobolewe koo ili wapate kupumua. Watoto 13 walikufa, wote ndani ya saa 24 tangu wafikishwe hospitali. Wengine figo zao zilisimama kufanya kazi.

Basi ukienda kununua, ukatae unga mweusi unaopimwa kwa kijiko usio na pakiti wala jina. Mwombe anayejua kusoma akusomee. PPD huandikwa p-phenylenediamine. Nchi za Ulaya leo huiruhusu, lakini isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Unga usio na maandishi haukuambii ni asilimia ngapi. Kama hujali wekundu, hina safi ndiyo ningekuchagulia.

Ukiamua kutumia nyeusi, paka tone nyuma ya sikio na ungoje siku mbili. Ukiwashwa au ukitoka malengelenge, usiitumie kabisa. Aliyewahi kuchomwa na piko ya harusini, nayo ni rangi ya aina hii, asijaribu tena. Nyusi na kope usiziguse. Na jambo moja la hapa kwetu, ambako maji huchotwa mbali kwenye laga: usianze kupaka kabla hujaweka maji ya kutosha ya kusuuza, kwa sababu rangi iliyokaa kupita muda wake huunguza ngozi. Anayenyonyesha anawe mikono vizuri kabla ya kumshika mtoto. Mabaki yafukiwe mbali na watoto na mbuzi, na chombo ulichochanganyia kisirudi jikoni kamwe.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Ukimwona anavimba midomo au ulimi, anakoroma akipumua, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali iliyo karibu ukiwa umebeba pakiti au unga uliobaki. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni yapata kilomita 120, kwa hiyo mpitishe kwanza kwenye hospitali ya Kakuma wamsaidie kupumua, halafu wao waamue kama atapelekwa mbele.