Mfalme wa Wakuba na bao lake

Iko sanamu moja ya mti ya Wakuba wa Kasai. Ni ya mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, na mbele yake wamechonga bao, ule mchezo wengine wanauita kisolo. Mwaka 1908 wazee walimsimulia Emil Torday kwamba mfalme huyo alikataza kisu cha kurusha vitani, akaleta bao ili watu waache kamari. Hapo naona hekima yake: katika bao unalinda mbegu zako, unamfungia mwenzako njia polepole, mpaka akose pa kucheza, na jioni mnakula pamoja. Torday aliondoka na sanamu. Iko London, katika British Museum.