Mzani wa Pamba na Malezi ya Viongozi wa Biashara

Katika mijadala yetu kuhusu vijana na biashara, neno linalotawala ni mtaji. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Sera hii ni njema. Hata hivyo, ninaposoma historia ya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, naona kwamba fedha peke yake haimlei kiongozi wa biashara. Humlea jamii inayomkabidhi mali yake, kisha ikamdai hesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkulima wa Usukuma aliuza pamba yake kwa wanunuzi binafsi. Lalamiko lake kubwa lilihusu mzani: mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyeandika na ndiye aliyelipa. Mkulima hakuwa na namna ya kuhakiki uzito wa jasho lake.

Mwaka 1947 Paul Bomani, kijana wa miaka 22 na mtoto wa mhubiri, alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Hakurithi mali. Alichopewa ni dhamana. Kutoka kwa wafanyabiashara wa mjini alikwenda kwa wakulima vijijini, na mapema katika miaka ya 1950 chama cha wakulima alichokiongoza kilidai upimaji wa haki. Vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vikuu vya ushirika lililopewa jina la Ziwa Victoria. Hadi muongo huo unamalizika, ushirika ndio ulionunua pamba ya jimbo lote. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Tusimtazame Bomani peke yake. Kila chama cha msingi kilihitaji karani wa kupima, kuandika na kulipa. Mara nyingi kazi hiyo ilimwangukia kijana aliyesoma kidogo. Waliopimiwa walikuwa wajomba, shangazi na majirani zake, na makosa ya daftari yaliulizwa mkutanoni, mbele ya wazee waliomfahamu tangu utotoni. Huo ndio ulikuwa ulezi wa kibiashara: kijana alijifunza kazi huku akiaminiwa na kusimamiwa kwa wakati mmoja.

Sidai kwamba ushirika ulikuwa wa malaika. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyoundwa na Rais ilichunguza vyama hivyo baada ya malalamiko kuhusu ubadhirifu na uzembe. Kwa maoni yangu, vyama vilipopanuka upesi kwa msukumo wa serikali, mwanachama alisogezwa mbali na daftari lake. Dawa ingekuwa kumrudisha karibu. Badala yake, mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu na kukabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama kurejea. Chama kinaweza kurudishwa kwa sheria. Mazoea ya kuulizana hayarudi kwa tangazo la Gazeti la Serikali.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Historia hii inaongeza kwamba mcheza kwao pia huulizwa. Kijana wa leo hupewa semina ya siku mbili na hundi, kisha huachwa peke yake hadi siku ya marejesho, anapofuatwa kama mdaiwa sugu.

Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wafikirie jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Kila kikundi cha vijana kinachokopeshwa kipewe walezi wawili au watatu kutoka miongoni mwa wafanyabiashara wa kata yake, na hesabu zake zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa kila robo mwaka. Nanyi wanafunzi wangu, msiogope kuulizwa. Mtu asiyekuamini hakuulizi hesabu, kwa sababu hajakukabidhi chochote.