Mcheza Kwao Hutunzwa: Safari ya Ligi ya Watoto wa Mathare



Ukurasa wa historia katika kijitabu chetu cha harambee mwaka huu tumewapa watoto. Wengi wetu tulilelewa na ligi yao, na mchango tunaouomba mwaka huu ni wa uwanja.

Bonde letu lilikuwa machimbo ya mawe. Hapa yalichongwa mawe yaliyojenga mitaa mingine ya Nairobi, na jina la Mashimoni linatukumbusha hivyo hadi leo. Wazee wetu walikuja mjini kutafuta kazi, wakajenga kwa udongo na mabati, nyumba zikasongamana mpaka ukingoni mwa mto. Gari la taka la jiji halikuwa na njia ya kupita humo. Taka zikajaa mitaroni na watoto wakajaa vichochoroni. Mipira yao ilikuwa ya makaratasi na mifuko ya plastiki, imekazwa kwa kamba. Wachezaji walikuwapo tele. Kilichokosekana ni mpira wa kweli, refa na ratiba.

Mwaka wa 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa Nairobi akishughulikia mambo ya mazingira, alishirikiana na vijana wa hapa kuanzisha ligi ndogo. Ndiyo ikawa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Munro aliweka sharti moja lililo wazi: vijana wakifanya jambo, naye atafanya jambo, wasipofanya kitu, naye hatafanya kitu. Kwa hiyo tangu mwanzo mpira ulikwenda pamoja na koleo, reki na toroli.

Waliokua nje ya Mathare huwa hawaamini tukiwaeleza jinsi pointi zilivyohesabiwa. Kushinda mechi kulileta pointi 3, na sare pointi 1, kama kwingineko. Lakini timu iliyomaliza zamu yake ya usafi ilipata pointi 6, sawa na kushinda mechi mbili. Timu iliyofungwa uwanjani ingeweza kuipita ile iliyoifunga, mradi imezibua mtaro wake na hao wengine wamebaki kitandani. Nahodha aliyetaka kikombe ilimbidi apite nyumba kwa nyumba asubuhi kuwaamsha wenzake.

Hesabu hiyo ilibadilisha mengi. Kabla ya hapo, mtoto aliyeonekana akishika taka alichekwa na kuitwa chokora. Ligi ilipoanza, timu nzima ilishika taka mchana kweupe, na wazazi wakasimama mlangoni kutazama. Kazi iliyokuwa aibu ikawa njia ya kupanda katika msimamo wa ligi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama, tukachota matope, na Jumamosi iliyofuata tukaangalia jina la timu yetu limefika wapi.

Mwaka wa 1992, katika mkutano mkuu wa dunia wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo wasichana walianza kucheza. Hilo halikuwa jepesi. Msichana wa Mathare alikuwa na maji ya kuteka, mdogo wake wa kubeba mgongoni, na mama aliyehofu usalama wake jioni. Mechi zao zilihitaji mazungumzo mengi mlangoni mwa wazazi kuliko mazoezi uwanjani. Leo binti akipita na viatu vya mpira begani hakuna anayegeuka kumtazama, na wengi wamesahau kwamba mlango huo ulifunguliwa kwa kusukumwa.

Ligi ilipokua, uongozi ulibaki mikononi mwa vijana wenyewe. Walipanga ratiba, wakajifunza urefa, wakaamua mashauri ya timu zilizogombana. Kijana aliyejitolea kufundisha wadogo au kusimamia usafi alijikusanyia pointi za kumsaidia kulipa karo ya shule. Kukawa hata na kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana. Kufikia miaka ya 2000 MYSA ilikuwa ikihesabu vijana zaidi ya 20,000, na jina lake lilitajwa miongoni mwa waliopendekezwa kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kutoka katika mashina hayo ilizaliwa Mathare United mwaka wa 1994. Wachezaji wake nao walitakiwa kutoa saa zao kwa kazi za jamii. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Dhahabu la Moi mwaka wa 1998, ikalirudia mwaka wa 2000. Kisha ikaja 2008. Mwanzoni mwa mwaka ule, baada ya uchaguzi, majirani waliokopeshana chumvi walifukuzana, nyumba zikachomwa, na tukazika watu. Kabla mwaka haujaisha, Mathare United ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Hatusemi kombe liliponya majeraha. Tunasema tu kwamba siku ile jina la Mathare lilitangazwa redioni bila neno fujo kulifuata.

Tusijisifu kupita kiasi, maana tunayo deni. Wengi wetu tuliopata karo kwa ligi hii tulihama. Tunarudi siku ya mazishi na siku ya harambee. Nyuma yetu nafasi za kuchezea zimezidi kubanwa na majengo, na mitaro tuliyoizibua imejaa tena. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurisha mto, watu walikufa na familia nyingi zikapoteza makao, kisha nyumba zilizokuwa kando ya mto zikabomolewa. Mtaro uliozibwa si sababu pekee ya msiba huo. Lakini sisi tuliofundishwa usafi tukiwa na miaka kumi hatuwezi kusema hatukujua maana ya mtaro.

Kwa hiyo ombi letu mwaka huu lina sehemu mbili, kama ligi yenyewe. Sehemu ya kwanza ni fedha: kusawazisha uwanja wa watoto, kuuwekea magoli na nyavu, na kufuatilia hati zake ili usije ukaamka siku moja umezungushiwa mabati. Sehemu ya pili ni Jumamosi moja. Uliye Kayole, Ruiru au Kitengela, njoo na koleo. Uliye ng'ambo, mlipie nauli ndugu yako aje kwa niaba yako. Fedha bila kazi tungeihesabu kama tulivyofundishwa: umeshinda mechi, lakini usafi hukufanya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulicheza kwetu, tukatunzwa. Watoto wanaocheza sasa wanatutazama. Karibuni nyote.